DEKODA NYUMBANI: NANI ANAMKUMBUKA MTEJA MWAMINIFU?



Mwezi huu tunaongea juu ya dekoda. Wengine watashangaa mchungaji kuandika mambo kama hayo. Ulizo kama televisheni ni dhambi ao si dhambi, leo ninaliweka pembeni. Tumeligombania miaka mingi, na parabola zimeendelea kuongezeka juu ya mabati yetu, hata juu ya nyumba za wazee wa kanisa. Ulizo langu ni lingine. Zile kampuni zinazopokea feza zetu kila mwezi, zinamtendea namna gani mtu aliyekaa nazo muda mrefu bila kuruka mwezi? Maana kwa familia ya mchimbaji, feza ya abonema inatoka mfuko ule ule unaotoa minerval ya watoto, dawa na sabuni. Feza ya namna hiyo inastahili kuulizwa inaenda wapi.

AVANSI YA MNUNUZI

Kwa kuelewa dekoda, tuanzie kwenye shimo la dhahabu, maana hapo kila mtu anajua kanuni. Mchimbaji hana chakula, hana vyombo, hana feza ya kutoa maji shimoni. Mnunuzi anakuja na avansi: mchele, mafuta ya mashine, franga kidogo za kuachia bibi nyumbani. Siku ile ni rafiki mkubwa. Lakini dhahabu ikionekana, mchimbaji hana ruhusa ya kuipeleka kwa mwingine, na bei haipangi yeye, anaambiwa tu. Mwaka wa kwanza anashukuru. Mwaka wa tatu anaona mtu aliyefika jana anapimiwa kwa mizani nzuri kuliko yeye, kwa sababu yule wa jana bado anatafutwa, na yeye amekwisha kupatikana.

Dekoda ya bei ya chini njo avansi ile ile. Wakati wa promosioni, zaidi sana kabla ya Kombe la Afrika ao Kombe la Dunia, kampuni inauza dekoda na parabola kwa bei ndogo ya kushangaza, pengine na siku za bure juu yake. Haifanyi hivyo kwa huruma. Inajua feza itarudi kwa njia ya abonema, mwezi kwa mwezi, miaka na miaka. Na dekoda ile imefungwa: kadi ya kampuni moja haifungui picha za kampuni nyingine. Parabola nayo imeelekezwa kwa setilaiti ya kampuni ile, kule juu kilometa karibu 36,000. Ukitaka kuhama, unanunua dekoda nyingine, unamlipa fundi apande juu ya nyumba na kuigeuza parabola, unaanza upya. Kampuni inaijua hesabu hiyo kuliko wewe. Kwa hiyo zawadi inapelekwa kwa yule ambaye hajaingia. Aliye ndani, wa nini kumbembeleza?

Njo maana tunasikia malalamiko ya namna moja kila pahali. Mtu alinunua dekoda zamani kwa bei kubwa, amelipa bila kuchelewa, amevumilia mvua na fundi asiyefika. Jirani yake amenunua juma lililopita kwa bei ya kuku wawili, na amefunguliwa chaneli zote. Katika Luka 15 yule mwana mkubwa alisimama nje ya nyumba na uchungu wa namna hiyo, akihesabu miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakupewa. Tofauti ni moja: kule, baba alitoka nje kumsemesha. Kampuni haitoki nje. Unapiga simu, unasikia muziki, halafu uniti zinaisha.

TUANGALIE KAMPUNI KWA KAMPUNI

Canal+ inajulikana sana kwetu kwa sababu ya Kifaransa na ya mpira. Ilianza kwao Ufaransa tarehe 4 mwezi wa 11, 1984, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaingia Afrika kwa jina la Canal Horizons. Mteja wake mwaminifu anapata nini? Zawadi yake iliyozoeleka ni hii: ukilipa kwa wakati ao ukipanda kwenye formula ya juu, unafunguliwa chaneli zote kwa siku kadhaa. Sikatai, ni kitu. Lakini iangalie vizuri. Watoto wanazoea katuni, mama anaanza hadithi ya Novelas TV, na siku moja mlango unafungwa katikati ya hadithi. Hapo nyumba nzima inamgeukia papa alipe formula ya juu. Zawadi inayomtuma anayepewa kutoa feza zaidi, mimi ninaiita chambo. Mtu aliyelipa miezi 24 bila kuruka, afadhali wamupunguzie bei ya mwezi wa 25. Hapo ataelewa kwamba wameona kazi yake.

StarTimes ni ya Wachina. Mlango wake wa kwanza Afrika ulikuwa Rwanda, karibu mwaka 2008, kisha ikaenea katika nchi nyingi, na kwetu Kongo pia. Mwezi wa 12, 2015, katika mkutano wa Johannesburg, serikali ya China iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na kazi hiyo ikapewa StarTimes. Wema wa kampuni hii ni bei ndogo, na jambo moja ambalo mimi ninalipenda kuliko promosioni zote: katika nchi kadhaa mtu anaweza kulipa kwa siku ao kwa juma, bila kulazimishwa mwezi mzima. Hiyo ni heshima kwa mtu maskini. Mchimbaji hapokei mshahara tarehe 30. Anapata siku shimo lilipotoa. Ubaya wake ni kwamba mashindano hayakai: mwaka huu unaona ligi fulani, mwaka kesho haki zimenunuliwa na mwingine, na wewe uliyenunua dekoda kwa ajili ya ligi ile unabaki na dekoda tu. Kabla ya kununua kwake, muulize muuzaji wa pahali penu kama malipo ya juma yako kweli, maana ya nchi nyingine si lazima yawe ya kwetu.

DStv ni ya MultiChoice ya Afrika Kusini, ilianza mwaka 1995, na Kiingereza njo lugha yake. Kwetu si ya watu wengi, lakini inatufundisha. Katika Nigeria, mwaka 2022, bei ilipopanda, wateja waliolipa bila kuchelewa waliahidiwa kubaki na bei ya zamani kwa mwaka mmoja. Hapo kwa kweli uaminifu ulipewa uzito, na niseme wazi kwamba katika zote nilizozitaja hiyo njo namna bora. Lakini kampuni ile ile, katika Malawi mwaka 2023, ilipozuiliwa na mahakama isipandishe bei, ilitangaza kufunga huduma ya DStv katika nchi ile. Wateja wa miaka mingi waliambiwa tu kwamba imekwisha. Ghana nayo, mwaka 2025, serikali iliibana sana kampuni hiyo juu ya bei. Mwisho wateja wakaongezewa chaneli kwa bei ile ile waliyokuwa wakilipa. Kumbe ikibanwa, inaweza.

Azam TV ya Bakhresa, iliyoanza Tanzania mwaka 2013, ina nguvu moja kubwa: inasema Kiswahili. Vijana wetu walioifwata Yanga wakati Fiston Mayele alipoichezea, kati ya 2021 na 2023, wanajua ninachosema. Lakini wandugu, mtu akinunua dekoda Kigoma na kuivusha ziwa kwa boti, duka lake la kulalamikia limebaki Kigoma. Bei rahisi ya ng'ambo ihesabiwe pamoja na nauli ya kurudi.

Tena tusimsahau marehemu. Kulikuwa na kampuni jina lake GTV, ofisi yake kubwa London. Ilianza mwaka 2007 na kuuza dekoda Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Ilinunua haki za michezo mingi ya ligi ya Uingereza, na watu wakaikimbilia kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya DStv. Tarehe 30 mwezi wa 1, 2009, ilifungwa kwa siku moja. Waliokuwa wamekwisha kulipa mbele walibaki na masanduku meusi yasiyoonyesha kitu, na feza zao hazikurudi. Kwa hiyo akikuambia muuzaji ulipe miezi sita ao mwaka mzima kusudi upate punguzo, kumbuka GTV. Ikifungwa kampuni, aliyelipa mbele zaidi njo anayepoteza zaidi.

Jambo la mwisho juu ya kampuni, na ni kubwa. Tangu mwaka 2020 Canal+ ilikuwa ikinunua MultiChoice kidogo kidogo, na mwezi wa 9, 2025, ikashika usukani wake. Sasa ni nyumba moja yenye wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. Zamani mtu aliyekasirikia Canal+ aliweza kusema: nitaenda DStv. Leo akitoka mlango huu anaingia mlango wa pili wa nyumba ile ile. Mahali ambapo wanunuzi wa dhahabu wawili wamekuwa mmoja, wachimbaji wanajua bei inaenda upande gani. Sisemi kwamba lazima itakuwa hivyo. Ninasema tukae macho.

SIKU TULIZOLIPA NA HATUKUONA

Hapa njo panauma zaidi kwa watu wa Fizi, kuliko mambo ya promosioni. Abonema inahesabiwa kwa kalenda. Ukilipa leo, siku 30 zinaanza kutembea, uangalie ao usiangalie. Kule mijini kwenye umeme wa kila siku, hiyo inaeleweka. Kwetu moto unatoka kwa plake ya sola na betri, ao kwa grupu inayokunywa petroli ya bei kali. Wakati wa mvua betri haijai. Na mvua kubwa yenyewe inakata picha, maana matone yanameza nguvu ya ishara kabla haijafika kwenye parabola. Hilo si kosa la fundi, wala si uchawi wa jirani. Basi ukihesabu vizuri, familia imelipa siku 30 na imeona 15 ao 18. Karibu nusu ya feza imeenda kwa hewa.

Tena kuna siku za kukimbia. Mwezi wa 2, 2025, Bukavu ilichukuliwa. Mwezi wa 12 mwaka ule ule, Uvira nayo. Barabara zilikatika, feza ikawa ngumu kutumwa, familia zilikuja huku kwetu na nyingine zikavuka Burundi na mabunda kichwani. Nyumba zimefungwa, dekoda imebaki ukutani, na abonema inaendelea kuhesabu siku kwa uaminifu kabisa. Mtu aliyelipa tarehe 1 akakimbia tarehe 9, ni nani alimrudishia siku 21? Jambo hili mashine inaliweza. Mashine inayojua kukata picha saa sita za usiku siku ya mwisho, inaweza pia kusimamisha hesabu mteja akiomba. Kampuni ya kwanza itakayowaambia watu wa mashariki ya Kongo, "siku ambazo ulikimbia tutakurudishia," itakuwa imefanya kazi kuliko matangazo yote ya barabarani.

Mwaka 2024 tuliona namna moyo wa mteja unavyoweza kuumia bila bei kuwa sababu. Tarehe 7 mwezi wa 2, katika nusu ya mwisho ya Kombe la Afrika huko Abidjan, Leopards wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole vya mkono wa pili vimewekwa kichwani kama bunduki, kusudi dunia ione mauaji ya mashariki. Walipoteza 1 kwa 0 mbele ya Cote d'Ivoire, lakini wengi wetu tulilia kwa sababu ya ishara ile zaidi ya matokeo. Kisha maneno yakaenea kwamba mabango ya mashabiki wa Kongo hayakuonyeshwa, na hasira ikaiangukia Canal+. Kampuni ikajibu kwamba picha zinatengenezwa chini ya CAF, yenyewe inazipokea tu na kuzipitisha. Jibu hilo linaweza kuwa la kweli kabisa. Lakini sikiliza uchungu ulio chini yake: watu walisema, tunawalipa kila mwezi, na siku ya kilio chetu hamkutuonyesha. Mteja mwaminifu anadai kuonwa. Haombi bei tu. (Na kuvunja kibanda cha muuzaji si jibu, anayekaa kibandani ni kijana Mkongomani anayetafuta posho, si mwenye kampuni.)

NA SISI JE?

Haitakuwa haki kusema makosa ya upande mmoja. Katika machimbo kuna sine-video, pahali watu wanalipa kuingia kuona mpira. Mara nyingi kadi iliyomo ndani ya dekoda ni kadi ya nyumbani, na mkataba wake hauruhusu kuonyesha watu kwa malipo. Kwa kazi ile kuna abonema nyingine ya biashara. Wengine wanavuta waya kutoka dekoda moja mpaka nyumba kumi na kukusanya franga kila mwezi. Kijana Mkristo mwenye kazi hiyo asiseme, "kampuni nayo inaiba." Labani alimtendea Yakobo vibaya miaka 20 na kumbadilishia mshahara mara kumi, lakini Yakobo aliweza kusimama mbele yake kwa sababu mikono yake ilikuwa safi. Anayetaka kudai, adai na kadi iliyo halali.

Tena uaminifu kwa kampuni tusiupandishe cheo. Kuna watu wanajivuna, "mimi ni wa kampuni hii tangu zamani," kama vile mtu anavyosema kanisa lake ao bibi yake. Ndoa ni agano. Dekoda ni kununua na kuuza. Hakuna dhambi ya kuacha kulipa mwezi ambao betri imekufa, wala aibu ya kuhama. Na wengi wamegundua kitu hiki: mteja akinyamaza miezi miwili ao mitatu, ujumbe wa simu unaanza kufika, "rudi, tumekuwekea zawadi." Yaani kampuni inamheshimu zaidi aliyeondoka kuliko aliyebaki. Basi familia ikitumia akili hiyo, ikalipa miezi ya jua na ya mashindano, na kunyamaza miezi ya mvua ambapo betri ni mgonjwa, haimuibii mtu kitu.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya kununua, muulize muuzaji maulizo ambayo hapendi kuulizwa. Mwezi wa pili nitalipa ngapi, si mwezi wa kwanza? Mkataba huu unaweza kusimamishwa siku nikisafiri? Parabola ikigeuka kwa upepo, nani anakuja kuitengeneza, na kwa bei gani, kama mimi ninaishi Misisi na fundi yuko Baraka? Akijibu "usiogope, papa," hajajibu.

Lipa ile formula mnayoiangalia kweli. Kaeni jioni moja, papa, mama na watoto, mwandike chaneli ambazo kila mtu ameangalia juma lile. Nyumba nyingi zitashangaa kuona ni tano ao sita, na kwamba mbili kati yao zinapatikana kwenye formula ya chini kabisa. Hiyo jioni itasaidia pia katika mambo mengine ambayo wazazi hawajui juu ya watoto wao.

Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, usifute ule ujumbe wa simu. Ukilipa kwa mtu kibandani, subiri picha zifunguke ao ujumbe ufike kabla hujaondoka. Feza iliyobaki mfukoni mwa mwakilishi haijafika kwa kampuni.

Na muwe na daftari. Yakobo alijua hesabu yake: miaka 14 kwa ajili ya mabinti wawili, na miaka 6 kwa ajili ya wanyama, na Labani hakuweza kumbishia. Katika daftari andikeni namba ya kadi, tarehe ya kulipa, feza iliyotolewa, na siku ambazo picha haikuonekana pamoja na sababu yake: mvua, betri, ao ishara imekatika bila sababu. Tofauti hiyo ina maana, kwani ya betri ni yenu, ya ishara ni ya kampuni. Mtu mmoja akipiga simu kulalamika anasikia muziki. Familia 30 za mtaa mmoja zikileta daftari 30 kwa mwakilishi wa Baraka, zenye tarehe zile zile za kukatika, yeye mwenyewe atatafuta namba ya mkubwa wake. Na kama kampuni haijibu, kuna CSAC, baraza linaloangalia mambo ya televisheni na radio katika nchi yetu. Barua iandikwe kwa Kifaransa, fupi, bila matusi, na nakala ya kurasa za daftari ishikamanishwe pamoja nayo.